Baiskeli Isiyo na Keria

Kuendesha baiskeli nilijifunza ukubwani, nikiwa tayari mama wa watoto watatu, kule kambini Tanzania tulikokimbilia vita. Bwana yetu ndiye aliyenishikia kiti kwa nyuma. Nasema bwana yetu kwa sababu tulikuwa wake wawili. Mke wa kwanza alikataa kukimbia, akabaki Lubondja kule milimani. Mimi wa pili ndiye niliyevuka ziwa. Watu wa kambi walicheka kuona mwanamke juu ya baiskeli ya kiume yenye bomba katikati. Nilivaa suruali ya bwana ndani ya kitenge, nikaendesha. Wao walichoka kucheka, mimi sikuchoka kuendesha.

Tuliporudi Congo, baiskeli ile ilikuja nasi ndani ya boti mpaka Baraka, imefungwa kamba pamoja na sufuria. Ninayo hadi leo. Ni nyeusi, nzito, tairi nyembamba, haina gia za kubadilisha, na breki zake ni vile vyuma virefu vinavyokandamiza mpira kwenye rimu. Kwa barabara ya chini, ile inayofuata ziwa kwenda Lweba, sijaona ya kuishinda. Napakia ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye keria, kile chuma cha nyuma cha kubebea, natoka jua halijachomoza, na kabla soko halijajaa nimekwisha kufika. Bwana yetu alipougua nilimbeba kwa keria hiyohiyo kwenda hospitali na kumrudisha nyumbani, miezi mingi, mtu mrefu vile, miguu ikiburuta kwenye vumbi. Hakuna aliyeniambia sitaweza.

Alipokufa tulimpeleka kwao Lubondja, akazikwa nyuma ya nyumba ya mke wa kwanza. Mimi nikarudi Baraka. Watoto wangu walichukuliwa kutoka kambini wakapelekwa nchi za baridi. Wajukuu nawaona kwenye simu. Wananipungia mkono kwa sababu Kiswahili hawakukipata. Yupo mmoja anayesema "Bibi", halafu anageuza shingo kumtafuta mama yake ampe neno linalofuata. Simlaumu. Lakini simu ikizimika nabaki naangalia kioo cheusi, na ndani yake naona uso wangu tu. Napika kidogo, na bado chakula kinabaki. Kesho yake nakula kilekile.

Sasa niseme juu ya mke mwenzangu. Hatukupendana, sitaandika uongo. Siku niliyoletwa kwake alinipa jembe kabla ya kunipa kiti. Miaka mingi tulisalimiana kama watu waliokutana kisimani, kila mmoja akiangalia ndoo yake. Lakini siku ya kumaliza kilio cha bwana yetu, wageni walipoondoka, tulibaki wawili tunasugua masufuria, naye akasema, bila kuinua kichwa, kwamba alikuwa akikumbuka kile kikohozi. Bwana yetu alikuwa na kikohozi kidogo, kikavu, alichokitoa kila alipotaka kudanganya. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Dunia nzima, aliyekijua kikohozi kile alikuwa yeye na mimi. Tangu siku hiyo, nikiwa peke yangu Baraka, jambo dogo likinijia nililotaka kumwambia mtu, mtu mwenyewe alikuwa yeye.

Halafu nikasikia kwamba macho yake yanazimika. Watoto wake wawili Mungu aliwachukua zamani. Majirani walimchotea maji, ndiyo, lakini jirani ana kwake. Nikamtumia ujumbe kwa mwanamke mmoja wa kwao aliyekuja sokoni kuuza karanga: aje Baraka tukae pamoja, nyumba ninayo, kitanda kipo. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili kwa mwanamke yuleyule, naye alilitoa kama alivyopewa:

"Anasema, nakuja. Lakini unifate weye mwenyewe. Usinitumie motari."

Nilimwelewa. Huko kwetu mwanamke haendi kwenye nyumba kama mfuko wa unga. Anafuatwa. Bwana yetu alikwenda kwa miguu mpaka kwa baba yake kumchukua. Mimi mwenyewe nilifuatwa. Mke mkubwa hawezi kutumiwa kijana wa pikipiki asiyemjua, amkalishe nyuma na kumfungia mzigo, halafu aingie kwa mke mdogo kama kitu kilichoagizwa. Nikasema haya, nitamfuata, na nitambeba nilivyombeba mume.

Nilijaribu kwanza na baiskeli yangu ya zamani, peke yangu, kuipima njia. Kupanda, niliisukuma tangu mlima wa kwanza. Hilo si neno, miguu ninayo. Kushuka ndiko kulikonionya. Breki zile za vyuma zilianza kunuka mpira ulioungua, halafu zikawa kama hazipo, nikajitupa kwenye majani kabla ya daraja la miti. Goti lilivimba wiki nzima. Nikajiuliza ningekuwa na mtu mzima nyuma, asiyeona, ingekuwaje. Baiskeli ya barabara ibaki barabarani.

Sisi tunaouza samaki tuna kundi kwenye simu, watu wanaweka humo vitu vyao vya kuuza. Humo ndimo nilimoona ile nyekundu. Tairi nene zenye meno, na chini ya picha herufi tatu, VTT, ambazo kila mtu hapa anajua maana yake ni baiskeli ya milimani. Bei ilikuwa ya chini, na muuzaji alikuwa msichana wa Uvira. Kuandika napata taabu, niliacha shule darasa la tatu, kwa hiyo nilimtumia sauti, naye akanijibu kwa sauti.

"Mama, hii ni VTT ya kweli. Iko na vitesi makumi mbili na moja, iko na resori, inapanda fasi yote."

Vitesi ndizo gia, resori ndiyo springi. Nilimuuliza kama mtu anayejua baiskeli anavyouliza. Rimu ni chuma ama alimini. Spoku zimekaza. Breki inashika kwenye mvua. Kiti kinashuka kiasi gani, maana mimi si mrefu. Peda ni za plastiki. Kila jibu lilizaa swali jingine, mpaka akachoka.

"Mama, weye ni fundi ao ni mununuzi?"

"Mi ndiye mwenye kupanda," nikamwambia. "Jibu."

Akajibu yote. Jirani yangu, mvuvi mzee, alinionya kwamba baiskeli ya bei ile chuma chake ni laini, haitamaliza miaka miwili. Nikamwambia hata mimi sijui kama nitaimaliza. Nikatuma pesa, na nikampa yule mwanamke wa karanga neno la kupeleka Lubondja: Ijumaa ya wiki ijayo, afunge vitu vyake.

Baiskeli ilifika bandarini ndani ya katoni, imefunguliwa vipande. Kwenye katoni palichorwa kijana akiruka nayo juu ya jiwe. Niliibeba kichwani mpaka kwa fundi, yule anayefanya kazi chini ya turubai karibu na soko. Akafunga gurudumu la mbele, akafunga la nyuma, akafunga usukani, akaweka kiti, akapanguza mikono. Mimi nikachungulia ndani ya katoni. Ilikuwa tupu.

Nikamuuliza keria iko wapi.

Aliinama akaangalia upande huu na upande ule wa gurudumu, kwa heshima tu, maana alikuwa amekwisha kujua. "Haiko na keria, mama. Hii ni kinga ya muntu moja." Kinga ndiyo baiskeli kwa lugha ya hapa.

Ndugu zangu, katika maswali yote niliyomuuliza msichana yule, keria sikuitaja. Nani hapa Baraka anauliza keria? Unaponunua nyumba unauliza kama ina mlango? Baiskeli zote nilizoziona maishani, Tanzania na hapa, zina keria, maana bila keria baiskeli ni ya kazi gani? Nilimtumia sauti yule msichana. Alinijibu kwa upole. Alisema pole, alidhani najua, za aina hii huja hivyo. Sikumgombeza. Alijibu nilichouliza.

Nikamwambia fundi anichomee keria ya chuma. Akaweka kiganja juu ya kiti, akakandamiza, na nyuma yote ya baiskeli ikadidimia, halafu ikainuka. Kuna springi kubwa katikati ya fremu.

"Unaona? Kila shimo, keria itashuka itakula tairi. Na ule mwenye kukaa nyuma ataanguka pamoja na weye."

Alinishauri niiuze nitafute nyingine. Lakini ilikuwa Jumatano, na neno langu lilikwisha kufika Lubondja. Mke mwenzangu alikuwa amefunga vitu vyake. Nikasema nitakwenda, mengine tutayaona hukohuko.

Ijumaa niliondoka kukipambazuka. Kwenye barabara ya chini niliichukia baiskeli ile. Tairi zenye meno zinaunguruma kama nyuki ndani ya mtungi, unakanyaga kwa nguvu halafu nusu ya nguvu inamezwa na springi, na ile nyeusi yangu ingekuwa mbali zamani. Nilijisikia kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Lakini njia ilipoanza kupanda, nikageuza vitesi kama fundi alivyonionyesha, na miguu ikawa myepesi. Inazunguka haraka sana na unasogea kidogo sana, lakini unasogea. Mawe ambayo yangenitupa, tairi iliyapita. Vijana wawili wa pikipiki walinipita, mmoja akapunguza mwendo, akaniita koko, yaani bibi.

"Koko, unakanyaga kinga ao unakanyaga hewa?"

"Nakanyaga yangu," nikamwambia. "Yako inakanyaga mafuta."

Walicheka wakaenda, na vumbi lao likanibakia. Baada ya hapo sikukutana na mtu wa kuongea naye kwa muda mrefu. Penye mwinuko mkali nilishuka nikasukuma. Nilikunywa maji, nikala muhogo wa kuchemsha nimesimama, nikaendelea. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia, na kila niliyoyapanga yalikuwa mabaya.

Nilifika jua limeinama. Uwanja wake ulikuwa umefagiwa mpaka mwisho, kama unavyofagia nyumba unayoiacha. Alikuwa ameketi mlangoni, mkono mmoja juu ya kifurushi kilichofungwa kwa kitenge. Macho yake yalikuwa na ukungu. Aligeuza sikio upande wangu.

"Ni weye?"

"Ni mimi, Yaya." Yaya kwetu ni dada mkubwa, ndivyo mke mdogo anavyomwita mke mkubwa.

"Umekawia."

"Mlima."

"Mlima uko pale tangu Mungu aliuweka." Akasimama. "Leta niione."

Nikaisogeza baiskeli mpaka kwake. Aliiona kwa mkono. Alianza na usukani, akashika kengele, akaigonga mara moja. Akapita juu ya bomba. Akafika kwenye kiti, akakipapasa. Halafu mkono ukaendelea nyuma ya kiti, ukashuka kidogo, ukatafuta kulia, ukatafuta kushoto, ukabaki umesimama hewani.

"Na mi nitakaa wapi?"

"Haiko na fasi, Yaya. Nimekosea."

"Bameiiba njiani?"

"Hapana. Ilikuja vile. Sikuuliza."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. "Weye," akasema, "weye mwenye ulikuwa unahesabu mpaka maharagwe mu sahani yangu, hukuuliza keria."

Nilistahili. Nikamwambia kuna pikipiki, mimi nitafuata nyuma na baiskeli, nitakuwa nayo karibu. Kicheko kikaisha hapohapo. Alisema kama angetaka pikipiki angekuwa Baraka tangu mwezi uliopita. Nikasema basi akae kwenye kiti changu, mimi nitembee nimsukume, tulale njiani kwa watu wa kanisa, siku ya pili tufike. Alifikiri, akasema sawa.

Tukajaribu. Kwanza alikaa ubavu, akateleza. Nikamfunga kitenge vizuri katikati ya miguu, nikamwinua, akakaa kama wanaume wanavyokaa. Mtu wa miaka ile, kitu ambacho hakukifanya maishani mwake. Kiti kikadidimia chini yake.

"Inahema," akasema.

Mkono wake mmoja ulikuwa shingoni mwangu, mwingine kwenye usukani. Mkono wangu mmoja ulikuwa kiunoni kwake. Sikukumbuka siku nyingine yoyote tuliyoshikana hivyo. Kifurushi nilikibeba kichwani. Tukapita nyumba za jirani, watoto wakatufuata kidogo wakarudi. Tukapita shamba la mihogo la mwisho. Pale ndipo njia inapoinama ghafla, mawe yametoka nje, na chini kabisa, siku isiyo na ukungu, unaona ziwa. Gurudumu la mbele liligusa mteremko tu, springi ikacheza, na vidole vyake vikaingia shingoni mwangu.

"Mudogo, simama."

Nikasimama.

"Weye unaona mbele," akasema. "Mi naona weusi, na weusi unashuka. Naogopa."

Nimemjua mwanamke huyu tangu nilipoletwa kwake. Vita vilimpita mlangoni, na watoto wake aliwazika mwenyewe. Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Ningeweza kumsihi. Ningeweza kumwambia jifunge moyo, ni siku mbili tu, halafu utakuwa nyumbani. Nilimtaka sana, sitaficha. Niliona chumba changu Baraka, kitanda cha pili nilichokwisha kutandika, sahani mbili. Lakini mtu mwenye kiburi kile akikuambia anaogopa, amekupa kitu. Humrudishii kwa kumsukuma.

Nikamshusha. Tukarudi kwa miguu, mimi nikishika usukani, yeye akishika kiti kwa nyuma ili asipotee. Nilisikia tu ndala zake nyuma yangu.

Kabla jua halijazama nilimfungulia kifurushi, nikarudisha kila kitu mahali ambapo mkono wake unapajua. Sufuria kwenye figa. Kisu juu ya mlango. Kitabu cha nyimbo, ambacho hakisomi tena, chini ya mto wa kitanda. Nguo kwenye kamba. Chini kabisa ya vyote nilikuta kitu cha mraba, kimeshonwa kwa kitenge cha msiba wa bwana yetu, kile tulichovaa sare sisi wawili. Kimejazwa pamba ya msufi. Kwenye kila pembe, kamba mbili za kufungia. Mishono ilikuwa imepotea njia, mahali pengine imerudi juu ya yenyewe mara tatu.

Nikamuuliza ni nini, ingawa nilikuwa najua.

"Ni ya kukalia ku keria," akasema. "Bwana yetu alinielezea, ile mara ya mwisho alikuja kunisalimia. Alisema vyuma vinamuumiza sana."

Miezi ile yote nilimbeba. Mimi hakuniambia. Nilimuuliza kila siku kama yuko vizuri, naye alisema yuko vizuri, na sasa nikakumbuka kwamba kila mara kabla ya kujibu alikuwa anakohoa. Alikuwa mgonjwa wa kifua. Nilidhani ni ugonjwa.

Nilitaka kuuacha mto ule kwake. Akakataa.

"Beba. Utafunga ku ile ya zamani."

"Ile ya zamani haifikake huku, Yaya."

"Najua," akasema.

Asubuhi niliteremka peke yangu. Breki zilishika kila mahali, na mvua ilipotunyeshea njiani, mimi na baiskeli, zilishika pia. Msichana wa Uvira hakunidanganya hata neno moja. Tangu siku hiyo napanda kila Ijumaa ya pili, njia ikiwa salama. Nampelekea ndagala, chumvi na sabuni, vitu vinavyoingia kwenye mfuko wa mgongoni. Ananisikia kwa zile tairi zenye meno kabla sijafika uwanjani, na neno la kwanza ni kwamba nimekawia. Tunakula, tunamsema bwana yetu, nalala, naondoka. Kushuka ndiko kugumu, na siongelei breki.

Mto niliufunga kwenye keria ya ile nyeusi, kamba zote nane. Ndagala siziweki juu yake kwa sababu zinanuka. Nilitundika vikapu viwili ubavuni. Bamama wa sokoni wameuona. Mmoja aliniuliza mbele ya wengine, kwa utani, nimepata mchumba gani anayebebwa kwenye godoro. Nikamwambia apime samaki wake aache nyuma yangu. Mvua ikianza, naufungua mto naupeleka ndani, nauweka kwenye kile kitanda cha pili. Bado hakuna aliyeukalia, lakini sitaki ulowe.